Wakala na Hotuba za Ushuru

Wakala alikuwa na desturi ya kuwapanga watu kama forodha inavyopanga mizigo. Kuna wapya, kuna mitumba, kuna wanaooza njiani, na kuna vipuri visivyofaa mpaka vifungwe kwenye kitu kingine. Siku niliyoingia ofisini kwake Darsait, mjini Maskati, kuomba kazi hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu, akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la sita, na kwamba hakuna aliyenifukuza, niliondoka mwenyewe.

"Chuma chakavu," akasema. "Lakini hata chuma chakavu kina namba yake kwenye kitabu cha ushuru. Kaa hapo."

Nilikaa miaka minne. Nilikuwa nimeshapita Mombasa, Dubai na Salala bila kumaliza mwaka mahali popote, kwa hiyo kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa ndoa. Kazi yangu ilikuwa kupeleka karatasi maofisini Al Khuwair, kubandika majina kwenye mizigo, na kusimama kati yake na wateja. Wengi walikuwa watu wa kwetu bara na Wakenya, wapishi, walinzi, wasichana wa kazi, waliokuwa wakituma vitu nyumbani. Walimwogopa. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kimechanganyika na Kiarabu, nao nusu yake hawakuielewa. Ilikuwa heri, maana nusu ile ndiyo iliyokuwa na matusi.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chini ya ghorofa, kati ya fundi wa viyoyozi na duka la mchele. Kiti cha mteja kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Nilipotaka kuutia kipande cha mbao alinizuia. "Mteja akikaa raha huongopa," akasema.

Namkumbuka mlinzi mmoja Mkenya aliyekuja na televisheni kubwa kuliko mlango wetu, anaipeleka kwao Kisumu. Akaeleza kwa adabu kwamba ni ya matumizi yake ya nyumbani, asije akatozwa kama mfanyabiashara.

"Nyumba yenyewe ina umeme?" Wakala akamuuliza.

"Uko, mzee. Lakini unapotea potea."

"Basi tukuandikie ni pambo."

Tulicheka wote, na Mkenya naye akacheka. Kisha akaacha kucheka, akabaki amekishika kile kiti kisianguke. Alikuwa ameinunua kwa mishahara ya mwaka mzima. Wakala alijua, kwa sababu alikuwa ameshamuuliza hilo kabla.

Msimu wake ulikuwa Juni. Wengine husubiri Ramadhani, wengine husubiri mpira, yeye alisubiri bajeti. Nchi kadhaa za kwetu husoma bajeti zao mwezi huo, na yeye alizisikiliza zote, simu ameiegemeza kwenye chupa ya kahawa, mguu mmoja juu ya kiti. Mwaka wa kwanza nilidhani anangoja viwango. Nikachukua kalamu niviandike. Akaniambia niiweke chini.

"Viwango atavisoma karani," akasema. "Weye sikiliza anavyomsifu mtu. Mwanasiasa akimsifu mtu, mtu huyo ndiye atakayelipa."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na mengi yalikuwa ya kweli. Waziri akisema analinda viwanda vya ndani, Wakala aliisimamisha simu na kuiuliza: "Kiwanda kipi? Kipo wapi? Shemeji yake nani?" Mwananchi wa hali ya chini akitajwa mara tatu katika hotuba moja, alinituma kwa mwenye duka la mchele nikanunue sukari kabla hajasikia akapandisha bei. Kwa wale wa upande wa pili, wanaotaka ushuru ufutwe na mipaka iwe wazi, hakuwa na huruma zaidi. Alisema soko huria ni barabara ya lami: mwenye lori anapita, mwenye miguu anakula vumbi. Nikamuuliza lami ina vumbi gani. Akasema, "Hilo ndilo swali la mtu wa darasa la sita," akajimiminia kahawa.

Lakini yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ushuru haulipwi na mgeni. Mimi nilikuwa nikiamini, kama wanavyoamini wengi, kwamba serikali ikitoza bidhaa za ng'ambo, wa ng'ambo ndio wanaotoa mfukoni. Akachukua pakiti ya unga kutoka kwenye mzigo wa mtu, akaiweka mezani. "Mwenye kinu yuko mbali, keshauza, kalala. Huu unga unafika bandarini. Anayeulipia ni nani? Mwenye duka. Na mwenye duka anamtoza nani? Yule mama wa chapati. Sasa nambie mgeni yuko wapi hapa." Alipokuwa akifundisha namna hiyo alikuwa mtu mwingine, uso wake ulifunguka, na mimi nilisahau kuwa saa moja kabla alikuwa amemliza msichana wa watu kwa kuita zawadi za mama yake takataka.

Siku ile rais wa taifa kubwa la ng'ambo alipotangaza ushuru juu ya karibu dunia nzima, Wakala alifunga ofisi na kunituma halua. Alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata wao!" alisema. "Hata wao wanawaambia watu wao kwamba mgeni atalipa!" Mwenye duka la mchele akaja mlangoni, jasho linamtoka, kuuliza kama mchele nao utapanda.

"Utapanda," Wakala akamwambia, "na weye utaupandisha kabla haujapanda, mwizi we."

Alasiri ile ile ulipanda.

Sasa nieleze jambo ambalo lilinisumbua tangu mwanzo. Nyuma ya mlango wa ofisi ilining'inia dishdasha moja nyeupe, ile kanzu ya Kiarabu, imepigwa pasi, ndani ya mfuko wa nailoni. Haikuvaliwa Idi wala harusini. Ilivaliwa kila mara ujumbe wa wanasiasa na wafanyabiashara kutoka Afrika Mashariki ulipokuja Maskati kuzungumzia biashara. Wakala hakuwa akialikwa. Alijua mtu aliyemjua mtu, akapata nafasi, akakaa safu ya tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwendesha.

"Nakwenda kuwacheka," alinambia kila mara, huku amejifukiza udi mpaka gari zima linanukia. Sijapata kumwona mtu anayejifukiza udi kwenda kumcheka mtu.

Alitoka Unguja akiwa mtoto wa kubebwa, na hakurudi hata kutembea. Wenzake walikwenda, wakarudi na picha na karafuu. Yeye nilipomuuliza mbona haendi, alinirudishia swali: "Nirudi kwa nani? Nifike uwanja wa ndege nipange foleni ya wageni, kijana wa juzi anigongee mhuri?" Lakini mteja akitoka Unguja, mizigo yake ilichukua muda mrefu kuliko ya wengine. Alimuuliza habari za mitaa aliyosimuliwa na wazazi wake, ambayo hata mteja mwenyewe hakuijua.

Mama Neema alikuja kwetu mwezi wa tatu, mwaka wangu wa nne pale. Alikuwa mtu wa Morogoro, mpishi katika nyumba moja Mabela, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na macho yasiyokwepa. Kwa miaka tisa alikuwa akikusanya vyerehani. Mafundi wanaoshona abaya na dishdasha wakibadilisha mashine, huzitupa za zamani au kuziuza kwa bei ya bure, naye alizifuata duka kwa duka kila Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Bosi wake, ambaye yeye alimwita madamu, alimruhusu kuziweka kwenye banda la gari. Zilikuwa kumi na nane. Mkataba wake ulikuwa unaisha na alikuwa amekataa kuuongeza. Angekwenda nyumbani, yeye na dada zake watatu, wafungue karakana ya kushona sare za shule.

"Zote ni nzima," aliniambia. "Nimezifungua mwenyewe moja moja, nimezitia mafuta."

Kulikuwa na meli iliyokuwa ikiondoka wiki ile, ingefika Dar es Salaam mapema, kwa ushuru wa zamani, ambao alikuwa ameuulizia na kuuwekea akiba. Wakala angeandika karatasi kwa siku mbili. Lakini siku tatu kabla mama huyu hajaja kwetu, Wakala alikuwa amevaa ile dishdasha.

Nilikuwepo. Ulikuwa mkutano katika hoteli moja Al Khuwair, na baada ya hotuba watu walisimama na vikombe vyao. Mheshimiwa mmoja wa kwetu, mnene, mchangamfu, mwenye cheo kikubwa katika mambo ya biashara, alipita akishika mikono. Wakala akamuuliza, kwa Kiunguja chake safi, kwa nini serikali inawatoza wanawake wanaorudi na vyerehani kana kwamba wanarudi na bunduki. Alitaka kumwaibisha. Alikuwa amelifanyia swali lile mazoezi ndani ya gari.

Mheshimiwa hakuaibika. Aliuweka mkono wa Wakala katikati ya mikono yake miwili. "Mzee wangu," akasema, "kwa Kiswahili hiki, wewe si mgeni. Wewe ni mwenzetu. Hilo la vyerehani umelisema, limekwisha. Bajeti hii tunafuta. Na uje nyumbani, mzee. Nyumba ni yako."

Kisha akashika mkono uliofuata.

Nikamrudisha Wakala kwa gari. Kwenye taa za barabarani nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Nikageuza uso, nikajifanya natazama kioo cha pembeni.

Kwa hiyo Mama Neema alipokuja, Wakala alimwambia asubiri. Kuna mbinu ambayo mawakala wote wa kwetu wanaijua: mwaka wa serikali unaanza Julai, na mzigo hutozwa kwa kiwango cha siku unayofika. Ukijua ushuru utashuka, unaupakia mzigo kwenye meli itakayotia nanga Julai imeshaingia. Ukijua utapanda, unauwahisha. Mbinu nzima imesimama juu ya neno hilo, ukijua.

"Lakini hii meli ya wiki hii nina uwezo nayo, babu," Mama Neema alisema. "Nimeshajipanga."

"Ya nini ulipe ushuru ambao unafutwa? Una wazimu?"

"Na usipofutwa?"

Mimi nilidhani atacheka. Ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angelimuuliza mtu. Badala yake alipandwa na hasira. "Nimeambiwa na mtu mwenyewe, mkono kwa mkono! Weye umeambiwa na nani? Na jiko?"

Mama Neema akanitazama mimi. Nilikuwa nimeusikia ule mkutano. Nilikuwa nimemsikia Wakala miaka minne akifundisha namna ya kusikiliza maneno kama yale. Ningeweza kusema. Nikasema, "Mzee anajua kazi yake, mama."

Madamu alihama nyumba, banda likatakiwa. Tukavihamishia vyerehani Darsait, nyuma ya ofisi, chini ya turubai. Katikati ya Juni tukavipakia kwenye meli ya Wakala, ile ya Julai. Mama Neema akapanda ndege kwenda kuvipokea. Siku chache baadaye, mzigo ukiwa baharini, bajeti ikasomwa.

Simu iliegemea chupa ya kahawa kama siku zote. Waziri alianza kwa kuwasifu akina mama. Aliwasifu kwa muda mrefu, kwa mikono yao na kwa jasho lao. Wakala alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nazihesabu zile sifa. Kisha waziri akasema kwamba ili kuwainua akina mama hao, ushuru unafutwa kwa mashine mpya za viwandani. Na ili kuwalinda mafundi wa ndani dhidi ya uchafu wa ng'ambo, mashine zilizotumika zitatozwa mara kadhaa ya kiwango cha zamani.

Bungeni wakapiga meza. Wakala aliinua mkono kana kwamba angeisimamisha simu aiulize kitu. Hakuuliza. Akasema, "Atakuwa amekosea kusoma," na akarudisha nyuma, akasikiliza tena pale pale, mara tatu.

Vyerehani vilifika. Ushuru ulizidi thamani yake. Mama Neema alisimama bandarini wiki nzima, na kila siku mzigo ukikaa unadaiwa na ghala. Alinipigia mimi, nikampa Wakala simu, nikaacha sauti wazi kwa sababu alikuwa mzito wa masikio.

"Babu, nifanye nini?"

Ningependa kuandika kwamba Wakala alimwambia pole. Alimwambia aombe kusomewa upya maelezo ya mzigo. Alimwambia kuna tofauti kati ya kilichotumika na kilichofanyiwa ukarabati. Alitaja namba za kitabu. Na Mama Neema alipoanza kulia, Wakala akamwambia, "Unalia nini? Ungekuwa na akili ungelisafiri na meli ya mwanzo. Nani alikuzuia?"

Simu ikakatika. Mimi nilichukua mfuko wangu jioni ile, nikaenda mji wa Sohari. Sijui kama niliondoka kwa ajili ya lile alilosema yeye au kwa ajili ya lile ambalo sikulisema mimi. Vyerehani vilipigwa mnada. Mama Neema alirudi Maskati mwaka uliofuata kwa mkataba mpya, katika nyumba ya ghorofa Al Khuwair, mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza, kitanda chake kando ya jiko.

Nilimwona Wakala mara ya mwisho mwaka huu. Alikuwa amepooza upande mmoja, amehamishiwa kwa binti yake, katika nyumba mpya Mabela ambayo ukuta wake ulikuwa bado unanuka rangi. Binti ndiye aliyenitafuta. Baba yake alikuwa akiwaita watu mmoja mmoja kuomba radhi, kama wafanyavyo wazee wanaoona njia yao fupi. Wengi walikuwa wameshakuja. Alibaki mmoja.

"Yule mwanamke wa vyerehani," Wakala akanambia. Ulimi ulikuwa mzito. Jina lake hakulijua. Miaka yote hakuwahi kuliuliza. "Nletee. Nataka radhi zake. Siwezi kwenda na lile."

Mama Neema nilimkuta kwenye ngazi za lile ghorofa la Al Khuwair, anamwaga takataka. Nikamweleza. Aliiweka ndoo chini, kisha akasema, "Nitakuja Ijumaa. Nataka nimwone alivyolala."

Alikuja amevaa nguo yake ya kanisani. Binti akamwekea kiti kando ya kitanda. Wakala akaanza, na kwa karibu dakika kumi alichosema ni ushuru. Namna waziri alivyolipanga neno "mashine" katika sentensi. Namna ambavyo mtu yeyote mwenye uzoefu angeweza kuelewa vile. Mate yalimtoka upande ule uliokufa, binti akamfuta. Mama Neema alisikiliza, mikono juu ya mkoba.

Kisha Wakala akaishiwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Alinambia mie ni mwenzao. Sijapata kuambiwa vile na mtu." Akafumba macho. "Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Mama Neema akainama, akauweka mkono wa Wakala ule mzima katikati ya mikono yake miwili.

"Nimekusamehe, babu," akasema. "Toka moyoni. Wewe ni kama baba yangu. Usiwe na wasiwasi tena."

Yule mzee alilia kama mtoto, na binti naye akalia.

Nilimsindikiza Mama Neema mpaka barabarani. Jua lilikuwa kali, alijifunika mkoba kichwani. Nikamwambia amefanya jambo kubwa, mimi nisingeweza.

"Jambo gani?"

"Kumsamehe."

"Nani, mimi?" Akanitazama kama Wakala alivyokuwa akiwatazama wateja. "Yule mheshimiwa wake alimshika mkono, akampa neno tamu, akaenda zake. Na mimi nimemshika mkono. Vile vilikuwa vyerehani kumi na nane, kaka. Hata tukifa, atanikuta nimekaa mlangoni kwa Mungu, namdai." Akapungia teksi, akaingia.

Nilirudi ndani kuchukua simu yangu, nilikuwa nimeisahau pembeni ya godoro. Binti alikuwa jikoni. Wakala alikuwa macho.

"Kasemaje huko nje?" akaniuliza.

Ningeweza kumpa kitu. Alikuwa mtu anayekufa, na uongo ulikuwa mwepesi, ulikuwa neno moja tu. Lakini nilikumbuka nilivyompa mwanamke yule neno moja jepesi siku ile ofisini, na nadhani pia, niseme ukweli, nilitaka aumie. Nikamwambia neno kwa neno, mpaka lile la mlangoni.

Alijifuta mate kwa mkono ule mzima. Nikasikia binti anakuja na chai, vikombe vinagongana.

"Usimwambie kama umenambia," Wakala akasema. "Mwache adhani nimemwamini."